Aliyepasua Moyo wa Muuguzi ni Nani?

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), Mjuzi wa yaliyomo vifuani. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahali zake na Maswahaba wake.

Katika mabaraza yanayofuatia swala ya Alasiri hapa Butimba tumesikia mara nyingi habari za muuguzi wa Kiingereza, Lucy Letby. Mwezi Agosti 2023 mahakama ya Manchester ilimtia hatiani kwa kuua watoto wachanga saba na kujaribu kuua wengine sita katika hospitali ya Chester, kati ya mwaka 2015 na 2016. Kilichotushughulisha hapa si hukumu yenyewe. Ni swali ambalo kila mzungumzaji hulijibu kana kwamba alikuwemo wodini: kwa nini alifanya? Mmoja anasema alitaka kumvutia daktari fulani. Mwingine anasema alifurahia kuona wazazi wakilia. Wa tatu, tena mtu wa swala na dhikri, anasema ni jini. Magazeti ya kwao nayo yalijaza kurasa kwa mambo ya namna hiyo hiyo, isipokuwa jini.

Inafaa ijulikane kwamba waendesha mashtaka hawakuwajibika kisheria kuthibitisha kilichomsukuma. Na sheria ya Tanzania haiko mbali na hapo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika kifungu cha 200, inaeleza dhamira ovu ya kuua; haidai ijulikane ni kisasi, ni mali au ni wivu. Wanazuoni wetu wa fiqhi walitenganisha mambo haya tangu zamani: qasd, yaani kukusudia kitendo, na baaith, yaani kile kinachomsukuma mtu akikusudie. Hata hiyo qasd, kwa kuwa ni jambo la moyoni, hawakuiacha ielee. Waliifunga kwenye dalili za nje. Jamhuri, wakiwemo Mashafii, walitazama chombo kilichotumika: je, kwa kawaida kinaua au hakiui? Imamu Abu Hanifa akabana zaidi, akataka kiwe silaha au chenye kukata mfano wake. Walihitilafiana katika kipimo. Hawakuhitilafiana kwamba moyo hausomeki.

Sasa tutazame msiba wa kusoma mioyo. Huko Uholanzi, mwishoni mwa mwaka 2001, alikamatwa muuguzi Lucia de Berk, aliyekuwa akihudumia watoto katika hospitali mjini The Hague. Mwaka 2003 alihukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 2004 mahakama ya rufaa ikamtia hatiani kwa mauaji saba na majaribio matatu. Hakuna aliyemwona akiua. Palikuwepo hesabu, iliyodai kwamba uwezekano wa muuguzi kuwa zamu kwa bahati tu katika matukio yote yale ni mmoja kati ya milioni 342. Na palikuwepo shajara yake. Siku aliyofariki mgonjwa mmoja mzee, Lucia aliandika kwamba ameshindwa kuzuia msukumo wake. Msukumo gani? Mahakama ikaelewa: wa kuua. Yeye akajibu kwamba ni ule wa kuwapigia watu ramli kwa karata, jambo alilolificha kwa sababu hakutaka lijulikane kazini.

Kwetu sisi ramli ni haramu, na hatuitetei. Lakini mpiga ramli hadaiwi damu asiyoimwaga. Angalieni jinsi maneno yale yalivyogeuka. Aliyekwisha kuamini kwamba mwanamke huyu ni muuaji alisoma shajara akaona ungamo. Kama angemdhania wema, angesoma maneno yale yale akaona udhaifu wa mtu. Shajara haikuleta ushahidi. Dhana ndiyo iliyoifanya shajara iwe ushahidi. Baadaye mwanafalsafa Ton Derksen na dada yake, ambaye ni daktari, waliifuatilia kesi hii, wanatakwimu wakaonyesha kwamba hesabu ile ilikosewa, na wataalamu wa tiba wakaona kwamba vifo vile vinaelezeka kwa maradhi. Tarehe 14 Aprili 2010 mahakama ya Arnhem ikamwachia huru. Miaka mingi ya jela ilikuwa imekwishapita, na katikati yake alipata kiharusi.

Hatusemi kwamba Letby naye ni hivyo. Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilikataa maombi yake mwaka 2024, na mwezi Februari 2025 jopo la wataalamu 14 likiongozwa na Dk. Shoo Lee wa Kanada likatangaza kwamba halikuona ushahidi wa kitabibu wa mauaji. Wazazi waliozika watoto wapo, na machungu yao si ya kufanyiwa mzaha. Tunachosema ni kwamba karatasi zake, ambazo moja ilikuwa na maneno ya kujiita mwovu na pia ya kukana kosa, zimesomwa barazani kwa njia ile ile ya Uholanzi: kila mtu achukue mstari unaompendeza.

Wapo watakaouliza, Uingereza na Uholanzi zatuhusu nini? Ndugu zetu, sisi tunaoishi Usukumani ndio tulio na haki ndogo kabisa ya kuuliza hivyo. Mwanza na Shinyanga ni vikongwe wangapi wamekatwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu? Macho yale yamepikwa na moshi, maana bibi amekaa miaka arobaini akipuliza kuni mbichi na vinyesi vikavu vya ng'ombe katika jiko lisilo na dirisha. Mtoto wa jirani akifa, watu hawaulizi alikufaje. Wanauliza bibi alikuwa na kinyongo gani. Kinyongo kikishapatikana, na hakikosi kupatikana, kesi imekwisha. Hapo hapana wakili wala rufaa.

Sayyidna Usama bin Zayd (r.a.) alimuua mtu vitani baada ya mtu yule kutamka shahada. Alipoulizwa, alijibu kwamba alitamka kwa kuogopa silaha tu. Dhana ya Usama haikuwa ya kipuuzi. Mwenye akili yeyote angeifikiria. Pamoja na hayo Mtume (s.a.w.) alimkemea vikali na kumuuliza kama alimpasua moyo akaona. Na Suratul Hujurat, aya ya 12, haikukataza dhana potofu peke yake. Imeamrisha tujiepushe na dhana nyingi kwa sababu baadhi yake ni dhambi, na mwenye kudhani hajui ni ipi.

Mwanafunzi mmoja alitukabili kwa hoja nzuri: mbona fiqhi yenyewe huuzingatia uadui? Ni kweli. Katika madhehebu yetu ya Shafii, uadui ulio wazi ni lawth, dalili inayowafungulia jamaa wa marehemu mlango wa qasama, yaani viapo hamsini. Lakini asili ya hukumu hiyo ni kisa cha Abdullah bin Sahl (r.a.), aliyekutwa ameuawa Khaybar. Uadui ulijulikana na mahali palijulikana. Jamaa zake walikuja Madina na uchungu wao, wakaambiwa waape. Wakasema, vipi tuape juu ya jambo ambalo hatukulishuhudia? Viapo vya upande wa pili nao hawakuviridhia. Basi hakuuawa mtu. Mtume (s.a.w.) akalipa mwenyewe diya ya ngamia mia moja, ili damu ya yule Sahaba isipotee bure.

Wallahu a'lam.