Whitworth alikosea kumweka Bart Starr benchi

Timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Alabama ilicheza mechi 10 mwaka 1955 ikapoteza zote 10. Ilifunga pointi 48, ikafungwa 256. Wapo wanaosema hadi leo kwamba kikosi kilikuwa dhaifu. Sikubali. Msimu ule uliharibiwa na uamuzi mmoja wa kocha J.B. Whitworth.

Whitworth alipoipokea timu kutoka kwa Red Drew, aliamua kuijenga upya kwa damu changa. Kati ya wachezaji wa mwaka wa mwisho, wawili tu ndio walioanza katika kikosi cha kwanza. Bart Starr hakuwamo. Starr huyu ndiye kwotabeki aliyeipa Alabama ubingwa wa ligi yake ya vyuo, SEC, mwaka 1953, akiwa mwaka wa pili tu chuoni!

Watetezi wa Whitworth watakuja na habari za mgongo. Ni kweli, mgongo ulimwangusha Starr msimu wa 1954. Lakini 1955 alikuwa akivaa jezi na akiingizwa anacheza, kwa hiyo tuuache mgongo. Tutazame sheria za wakati ule. Kocha alikatazwa kutoa maelekezo kutoka pembeni, na kwotabeki ndiye aliyeita mchezo mwenyewe, pale pale kwenye duara la wenzake. Mpira ukipotea, huyo huyo anabaki uwanjani kulinda. Katika mazingira hayo, kumweka nje mtu aliyekwisha kusoma ngome za SEC kwa misimu miwili ni kuwatuma vijana vitani bila kamanda. Hakuna kelele ya benchi ambayo ingeweza kuwasaidia.

Matokeo yanasema yenyewe. Rice 20-0. TCU 21-0. Tennessee 20-0. Auburn wakafunga hesabu kwa 26-0. Mechi nne bila pointi hata moja! Ulinzi ulijitahidi mwanzoni: hakuna aliyepita pointi 21 katika mechi nne za kwanza.

Nimeshaandika mara nyingi kuhusu makocha wanaodhani kujenga upya ni kuwatimua wakubwa, na sitachoka. Frank Thomas, kocha wa zamani wa Alabama, hakufanya hivyo. Msimu wa 1934 aliwategemea Dixie Howell na Don Hutson, wote wa mwaka wa mwisho, na Stanford ikalala 29-13 kwenye Rose Bowl. Whitworth mwenyewe alivaa jezi ya Alabama na kupiga mpira wa pointi tatu kwenye Rose Bowl ya 1931. Alipaswa kujua.

Johnny Dee, kocha wa mpira wa kikapu wa chuo hicho hicho, ndiye aliyeishawishi timu ya kulipwa ya Green Bay Packers imchukue Starr. Walimchagua wa 200, raundi ya 17 ya uchaguzi wa wachezaji wapya, mwaka 1956. Akawapa ubingwa mara tano. Whitworth alidumu misimu mitatu, akaondoka na ushindi wa mechi 4.