Saa Tatu Asubuhi, Bagamoyo

Saa tatu asubuhi! Nimeshaliandika jambo hili humu mara nne au tano, na mhariri aliniomba niliache lipumzike. Lakini jirani yangu hapa Tabora anampeleka mbwa wake Muscat kwa shemeji yake, na juzi kaniuliza apange safari ya ndege saa ngapi. Kidonda kikatoneshwa.

Kidonda chenyewe ni safari ambayo wengi mnaijua, kwa hiyo naifupisha. Tarehe 17 Novemba 1874 mpelelezi Henry Morton Stanley aliutoa Bagamoyo msafara wa watu 356 saa tatu asubuhi, jua la pwani limeshakolea, na katika mstari huo wamo mbwa watano kutoka Uingereza. Mkubwa wao, mastifu aitwaye Castor, hakumaliza saa mbili njiani. Alikufa kwa kiharusi cha joto. Mastifu wa pili, Captain, akawa hoi anasubiri zamu yake. Nero, Bull na Jack walikuwa chali wakihema.

Tumtazame mnyama kwanza. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Kipoza joto chake ni ulimi na pumzi: akihema, unyevu wa mdomoni na puani unageuka mvuke na kuondoka na joto. Sasa chukua dume la mastifu, ambalo aghalabu hufika kilo 70, uso wake bapa na pua fupi, mwili umezoea baridi ya Uingereza, ulitie katika hewa ya Bagamoyo ambayo hata kanga ikianikwa kivulini haikauki. Atahema mpaka ulimi ufike magotini, na mvuke hauna pa kwenda. Kisha umwambie atembee. Kila hatua, misuli yake yenyewe inachochea moto ambao pumzi imeshindwa kuuzima.

Stanley ana watetezi, na baadhi yao huniandikia barua. Watasema siku ya kwanza kila msafara ulichelewa: wapagazi wanaagana, mmoja kalewa, mwingine kajificha na posho yake. Kweli kabisa. Na kituo cha kwanza kuwa karibu na mji ilikuwa akili ya wenyeji, ili aliyesahau kitu arudi akakichukue. Lakini hizo ni sababu za watu. Mbwa hana wa kuagana naye. Angeweza kutangulizwa alfajiri na vijana wawili na kibuyu cha maji, au kuachwa kivulini afuate jioni. Neno la mwendo wa namna hiyo lilikuwepo, tena la wapagazi wenyewe: terekeza, safari ya kuanza alasiri jua likishavunjika. Stanley hakuwa mgeni wa neno hilo. Alishaliandika katika kitabu cha safari yake ya 1871.

Au angembeba! Hapa ndipo ninapokasirika hasa, kwa sababu hesabu ni nyepesi. Mpagazi alibeba kama frasila mbili, frasila moja ni karibu kilo 16. Mbwa wa kilo 70 ni frasila nne na kitu. Machela moja, watu wanne kwa kupokezana wawili wawili, asubuhi moja tu. Watu wanne kati ya 356. Mashua ya Lady Alice, urefu wa futi 40, ilikatwa vipande ikabebwa hadi Ziwa Victoria ikaelea. Kazi safi, siipingi; lakini aliyebebesha mashua angeshindwaje kumbebesha mbwa?

Wala halikuwa kosa la ugeni. Mwaka 1871 alipita njia hiyo hiyo na farasi wawili, mmoja zawadi ya Sultani Barghash wa Zanzibar, na wote wawili wakafa mwanzoni mwa safari. Alikuwa pia na mbwa mlinzi, Omar, aliyekufa kabla tu ya kuingia Ugogo, huko huko alikotakiwa awabwekee wezi. Miaka mitatu baadaye anarudi na mbwa wakubwa zaidi, na ratiba ile ile.

Nakiri kuna mahali nadharia yangu inachechemea. Bull alikuwa buldogi, pua yake imebonyea kuliko ya Castor, na leo mashirika mengi ya ndege yanamkataa mbwa wa aina yake. Huyo huyo ndiye aliyetembea kwa miguu hadi akaliona ziwa. Nadhani udogo wa mwili ulimwokoa. 

Wenye kazi yao walikuwa watu wa huku. Msafara wa Wanyamwezi uliondoka alfajiri, kirangozi, yaani kiongozi wa njia, mbele, na jua likikaribia utosini mizigo ilikuwa imeshatuliwa. Kina Susi na Chuma, watumishi wa mpelelezi Livingstone, mwaka mmoja kabla ya Castor waliubeba mwili wa bwana wao kutoka Chitambo, wakapita nao Kwihara hapa jirani, wakaufunga upya ufanane na robota la nguo ili usizuiwe njiani, wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874. Nionyesheni wakala wa mizigo wa leo mwenye ufungaji kama huo. Na bado watoto wetu wakipelekwa kwenye lile tembe la makumbusho la Kwihara wanarudi na jina la Stanley mdomoni, la kirangozi hata mmoja hawana.

Leo kanuni za usafiri wa anga zinataka kreti ambayo mbwa anasimama, anageuka na kulala humo bila kujikunja, na baadhi ya mashirika ya Marekani humkataa mbwa joto likipita nyuzi 29 hivi. Karatasi nazo zina miezi yake: anayekwenda Ulaya kutoka Tanzania hupimwa damu ya kinga ya kichaa cha mbwa siku 30 au zaidi baada ya chanjo, kisha husubiri miezi mitatu. Yote haya ni mazuri. Lakini mimi mwenyewe niliwahi kusindikiza mbwa kwenye uwanja mmoja, siutaji, kreti ikakaa juu ya toroli juani saa saba mchana kwa sababu mhuri ulikuwa umefungiwa kabatini na mwenye ufunguo ameenda kula. Nilivua koti nikalitandika juu ya kreti, nikasimama upande wa jua. Kijana wa zamu akaniambia, "Mzee, huyo ni mbwa tu." Nikamuuliza kama anamjua Castor. Hamjui.

Jirani nimemwambia akate tiketi ya ndege ya usiku, atoke Tabora siku mbili kabla, tena alfajiri, na dawa ya usingizi asimpe kabisa. Kreti imeshafika. Ipo chini ya mwembe wake, mlango wazi, ndani katandika shuka kuukuu lenye harufu ya nyumbani. Jana jioni nilipopita, lile jibwa lilikuwa limelala humo, nusu ndani, miguu ya nyuma nje.