Mapenzi na Siasa katika "Vuta N'kuvute"

Riwaya ya "Vuta N'kuvute" ya Shafi Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999, ni rahisi kuisoma kama hadithi ya ukombozi iliyopambwa kwa mapenzi. Kwa usomaji huo Denge, kijana aliyesoma Urusi akarudi Unguja kuupinga utawala wa Waingereza, ndiye shujaa. Yasmin, binti wa Kihindi ampendaye, ni kishawishi tu njiani. Usomaji wa namna hiyo unampunja Yasmin.

Tofauti ya wawili hawa si ya vyama, maana Yasmin hamtetei Mwingereza. Yeye anatamani maisha ya wawili yenye utulivu. Denge anataka nchi kwanza, mambo ya nafsi yangoje. Lakini kabla ya kukutana na Denge, Yasmin amekwisha kuivunja ndoa aliyoozwa kwa Raza, mwenye duka aliyemzidi sana umri, amekataliwa na jamaa zake, na amepata hifadhi Ng'ambo kwa Mwajuma. Mipaka ya rangi ambayo Denge na wenzake wanaipinga kwa makaratasi ya siri, yeye ameivuka kwa miguu yake. Denge halihesabu hilo kuwa siasa. Ajabu ni kwamba polisi wanalihesabu: Inspekta Wright anapotaka kumtumia Yasmin ili amnase Denge, anakiri kuwa penzi lile lina uzito mbele ya serikali. Mkoloni amesoma vizuri kuliko mwanamapinduzi!

Jina lenyewe la kitabu lastahili kuchunguzwa. "Vuta" ni amri isiyotaja yambwa. "N'kuvute", yaani nikuvute, inabeba kiambishi -ku-, cha nafsi ya pili. Kamba haimo. Kinachovutwa ni mtu, naye anayeamuru ajua kwamba atavutwa vilevile. Katika masimulizi, hata hivyo, mizani imeelemea upande mmoja. Maneno marefu ya siasa yamo vinywani mwa Denge na wenzake, na Yasmin hapewi nafasi ya kujibu kwa urefu ule. Huo ndio upungufu mkubwa wa kazi hii, ambayo kwa ufundi wa lugha ina wenzi wachache.

Mwishoni Yasmin anaolewa na Bukheti wa Mombasa. Msomaji mwenye haraka atasema amekimbia mapambano. Basi na aoneshe ni ukurasa gani Denge alimkaribisha humo kama mwenzake.