Kitisho na Mateso katika Michezo ya Aina Mbili

Kiswahili huita mchezo kile kiigizwacho jukwaani, na huita mchezo vilevile kile ambacho mtu hukicheza peke yake mbele ya kompyuta. Udugu huu wa jina wafaa kutazamwa. Michezo ya kutisha ya kompyuta, itungwayo na mtu mmoja au wawili kwa fedha kidogo na michoro duni, imekuwa mahali pa kusimulia mateso ya watoto na ukatili wa nyumbani. Mingi yake haifai kitu. Damu humwagika, mlango hulia, mtoto hupiga yowe. Lakini aliyetesa hajulikani, wala sababu ya kutesa. Huo ni mshtuko tu. Goti nalo hushtuka likigongwa, wala halikuelewa neno.

Michache yavuka hapo. Lisa: The First, alioutoa Austin Jorgensen wa Marekani mwaka 2012, una michoro ambayo mwanafunzi angeona haya kuionyesha. Msichana amtoroka baba yake mkatili, Marty, akaingia katika ulimwengu wa mawazo yake. Na huko nako uso wa Marty wamngojea. Sura ni mbaya, maana imesimama: aliyeonewa siku nyingi humbeba mwonevu wake hata ndani ya ndoto ya kukimbia.

Ebrahim Hussein aliiona kweli hiyo zamani, katika Kinjekitile ya mwaka 1969. Hakuanza na mzimu. Alianza na wanawake wazungumzao juu ya njaa, kwa kuwa nguvu za waume zao zimemezwa na shamba la pamba la Mjerumani. Mashamba ya namna hiyo yalianzishwa mwaka 1902, na malipo yake yalikuwa haba hata baadhi ya watu wakakataa kuyapokea. Msomaji akisha kuijua njaa hiyo, ndipo Kinjekitile avutwapo na nguvu isiyoonekana hadi mtoni Rufiji, akatoka na habari za maji yashindayo risasi.

Mtunzi wa kitisho rahisi angetua mtoni, maana ndipo penye kioja. Hussein aenda mbele hadi penye uchungu. Kinjekitile, akiwa amepagawa, atamka kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said wa Unguja. Waliochoshwa na bwana mmoja wameota uhuru, na ndoto imewaletea bwana mwingine! Hakuna damu hapo, wala yowe, na hapana mahali pa kutisha zaidi katika tamthilia nzima. Hata msemaji mwenyewe baadaye ayaogopa maneno yaliyopita kinywani mwake.

Kinjekitile wa historia alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache baada ya Wamatumbi kung'oa pamba huko Nandete. Kitanzi hicho kingemtamanisha kila mpenda vitisho. Hussein achagua kifungo, na mtu aombwaye aseme kwamba maji ni uongo, akakataa, ingawa yeye mwenyewe hana tena hakika nayo.

Lakini wale wanawake waliofungua tamthilia hawapewi tena nafasi kama ile ya mwanzo. Njaa yao yawa mlango wa kuingilia vita vya wanaume. Katika jambo hili mchezo wa Jorgensen, pamoja na ubovu wake wote, wamshinda Hussein: msichana aliyeumizwa ndiye achaguaye njia, hata inapomrudisha kwa baba yake.