Saa ya Kutia Tui: Uchambuzi wa Jiko la Mtaani

Upo mkahawa mdogo katika Mji wa Kale wa Mombasa, mtaa wa Kibokoni, usio na kibao mlangoni wala pazia dirishani, ambao wateja wake, tangu wachukuzi wa bandarini hadi makarani na waalimu wa madrasa, huuendea kwa sababu moja, nayo ni kwamba mbaazi za Jumatatu zina ladha ile ile ya mbaazi za Alhamisi. Sifa hii huonekana haba kwa mtu asiyepata kushika mwiko. Lakini ajuaye jiko hujua kuwa kupika vizuri mara moja ni bahati impatayo hata mwanagenzi, ilhali kupika vizuri kila siku, kwa kuni kavu na kuni mbichi, kwa nazi iliyokomaa na nazi iliyowahi kuanguliwa, ni elimu. Aghalabu watu hudhani elimu hiyo imefichwa katika viungo. Mimi, niliyekaa mara kadhaa upande wa jikoni kwa idhini ya mpishi, naona imo katika wakati, kwa maana viungo vyote huuzwa Marikiti kwa kila mwenye fedha, lakini saa ya kuvitia haiuzwi.

Tuanze na mbaazi za nazi, staftahi ya watu wa pwani. Mbaazi kavu hurowekwa usiku kucha, zikachemshwa kwa maji matupu hata zikabonyea baina ya vidole viwili. Ukwaju au tungule havikaribishwi kabla ya hapo, kwa kuwa ukali huishupaza punje, ikawa haiivi upesi hata moto uchochewe vipi. Nazi hukunwa kwa mbuzi, zikakamuliwa kwa kifumbu mara mbili. Tui la pili, lililo jepesi, ndilo linalotangulia chunguni pamoja na kitunguu, pilipili na bizari, likavumilia moto. Tui la kwanza, lililo zito, huwekwa kando likasubiri zamu yake. Sababu ni dhahiri kwa mwenye kutafakari: tui ni mafuta yaliyotawanyika majini kwa vitone vidogo mno, ambavyo utando mwembamba wa protini huvizuia visiungane, moto ukizidi, protini huganda, utando hupasuka, mafuta hujitenga yakaelea, na hapo husemwa kuwa tui limekatika. Basi tui zito hutiwa mwisho, moto umekwisha kupunguzwa, na mwiko hauachi kuzunguka.

Asubuhi moja kijana anayejifunza kazi alishindwa na subira, akalimimina tui zito mapema. “Ami, tui limekatika,” alisema kwa sauti ya chini. Mpishi hakuuliza nazi zilikuwa ngapi wala bizari ilikuwa kiasi gani. “Ulilitia lini, mwanangu?” Hilo ndilo lililokuwa swali lake la pekee; na chungu kile hakikufika mezani, ikawa siku hiyo sote tumekula mahamri kwa chai.

Mahamri nayo yana saa yake. Unga wa ngano hukandwa usiku kwa tui, sukari, iliki na hamira, ukaachwa uumuke. Alfajiri husukumwa, ukakatwa pembe pembe. Kabla ya kukaanga, mpishi hutupa kipande kidogo cha donge karaini: kikilala chini, mafuta bado ni baridi na mahamri yatayanywa, kikigeuka rangi papo hapo, ngozi itaungua na ndani kubaki mbichi, kikizama kidogo kisha kikapanda kwa mapovu, wakati umewadia. Ngozi huwahi kukaza, mvuke ukakosa njia ya kutoka, andazi likafura na kuwa na uwazi ndani, mahali hasa pa kuchotea mbaazi.

Samaki wa kupaka sitamweleza kwa urefu. Hupasuliwa, akatiwa thomu, tangawizi, pilipili, chumvi na ndimu, akachomwa juu ya makaa, na hapaki mtu tui lililopikwa likawa zito mpaka ngozi iwe imekauka. Ngozi ikiwa na majimaji, tui lote hutiririkia makaani, na mlaji akaletewa moshi badala ya mchuzi.

Pilau ndiyo mtihani mkubwa. Watu huisifu kwa rangi yake wakidhani imetoka katika viungo, na kumbe imetoka katika kitunguu. Kitunguu kina maji mengi, na maadamu maji yamo, joto lake halipandi sana juu ya nyuzi 100, ilhali wekundu wa kahawia hauji upesi ila joto likikaribia nyuzi 140; kwa hiyo mpishi haifuniki sufuria, husubiri maji yote yatoke kwa mvuke, na baada ya hapo rangi huja kwa kasi, baina ya kahawia na weusi pakawa na nafasi ndogo mno. Thomu na tangawizi hufuata, kwa kuwa vingetangulia vingeungua. Kisha bizari, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga. Kisha nyama na supu yake, na mwisho mchele uliorowekwa. Maji yakikauka, moto wa chini hupunguzwa na makaa hupaliwa juu ya kifuniko, ili joto lishuke na kupanda kwa insafu, punje za juu zikaiva sawasawa na za chini pasipo mwiko kuzivunja.

Siku moja nilimwomba mpishi anipe vipimo vya pilau hiyo niviandike. Alinitajia bila ya choyo, mchele, nyama, samli, nami nikiandika. Alipofika kwenye bizari akanyamaza katikati ya neno, akaniinulia kiganja, akaiendea sufuria mbio. Vitunguu vilikuwa vimefika. Aliporejea na kuuliza tulikuwa tumefikia wapi, nilikuwa nimekwisha kulifunga daftari.