Penseli Mbele ya Mlango wa Nakshi

Mchoro wa penseli wa mlango wa nakshi, yaani mlango wa mbao nzito zilizochongwa maua na minyororo kama ile ya Lamu na ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ni kazi ya ufundi iliyozaliwa na kazi nyingine ya ufundi, nao hustahili kutazamwa kwa utulivu uleule unaostahili mlango wenyewe.

Chombo chake ni kidogo. Waswahili wamezoea kukiita kalamu ya risasi, ingawa ndani yake hamna risasi hata chembe, kwani tangu Mfaransa Nicolas-Jacques Conté alipopata njia yake mwaka 1795, moyo wa penseli hufanywa kwa grafiti, yaani kaboni laini ichimbwayo ardhini, iliyochanganywa na udongo na kuchomwa; udongo ukizidi, mstari hutoka mgumu na hafifu, na grafiti ikizidi, hutoka laini na mweusi. Kwa tofauti hiyo peke yake mchoraji hodari huutenga mwimo, yaani nguzo ya ubavuni mwa mlango, na mfaa, ule ubao mwembamba wa katikati unaoziba mwanya kati ya mabawa mawili. Chini ya ua la yungiyungi hukaza mkono na kurudia mistari iliyobanana hadi kivuli kikolee. Lakini afikapo kwenye njumu, yaani vichwa vya shaba vilivyopigiliwa ubaoni, hufanya lililo gumu kuliko yote, nalo ni kutochora: huacha karatasi wazi kiasi cha punje ya mtama, na weupe huo, ukizungukwa na kijivu, hung'aa kama shaba iliyopigwa na jua.

Fundi wa nakshi naye huanza kwa mstari, kwa kuwa huyapima maua yake ubaoni kwa bikari, chombo cha kuchorea duara, kabla ya kushika patasi, na kila anapochonga mstari ule huondoka pamoja na vibanzi. Mchoraji ndiye anayeurudisha. Kamera huunasa mlango pamoja na nyaya za umeme na pikipiki iliyoegeshwa kando, ilhali penseli huchagua.

Basi atakayepata mchoro wa namna hiyo na auanze chini, karibu na kizingiti, ambako mara nyingi huchongwa samaki, kisha apande taratibu na mmea ulio kwenye mwimo hadi juu ya mlango, maana nakshi yenyewe hupanda hivyo.