Skrubu 11 Alizoziacha

Bisibisi ilikuwa mkononi. Nyuzi zilishatolewa, shingo ilishafunguliwa na kulazwa juu ya taulo. Lilibaki bamba la plastiki la mbele, skrubu 11 tu, na gitaa lile la Stratocaster la 1961 lingejieleza lenyewe. Mkaguzi akaiweka bisibisi mezani. Akagusa kwa kidole pale rangi ilipomeguka, sanbasti, ile rangi ya njano katikati na giza ukingoni, ikichungulia chini ya bluu, akakata shauri: imepakwa upya. Yote hayo yamo kwenye video ya ukaguzi huo. Mimi nilirudia kipande hicho mara tatu nikidhani kuna kitu nimeruka. Kumbe aliyeruka ni yeye.

Tarehe kwenye kisigino cha shingo aliisoma vizuri, na namba ya bamba la nyuma aliilinganisha sawasawa. Hapo sina neno.

Lakini tangu lini sanbasti iliyo chini ya rangi nyingine ikawa ushahidi wa kupakwa upya? Fender wenyewe, watengenezaji wa gitaa hilo, walifanya hivyo. Sanbasti ndiyo ilikuwa rangi ya kawaida ya Stratocaster. Aliyetaka rangi maalumu aliongeza asilimia 5 ya bei. Oda ikiingia huku miili ya sanbasti iko tayari, kiwanda cha Fullerton hakikulazimika kuanza na mbao mbichi. Walipulizia juu, kazi ikaisha. Swali basi ni nani alipulizia, na lini.

Jibu lilikuwa chini ya bamba lile. Miaka ile mafundi walipigilia misumari midogo mwilini kabla ya kupaka, ili mwili ukae juu yake ukauke bila kugusa chochote. Rangi ilipokauka, misumari iling'olewa. Tundu la kiwandani kwa hiyo huwa safi: ndani mbao tupu, ukingoni pengine rangi imebanduka kidogo pale msumari ulipotolewa. Ukikuta rangi imetiririka hadi ndani, au tundu limezibwa kabisa, jua kuna mkono mwingine uliopita hapo baadaye. Mkaguzi hakutafuta hata tundu moja.

Akaongeza kwamba bluu ile ina ukijani usioonekana kwenye kadi ya rangi za Fender. Inao, tena lazima iwe nao! Hiyo ni Lake Placid Blue, rangi iliyotoka kwenye magari ya Cadillac, nayo ilifunikwa kwa vanishi ya nitroselulosi, na vanishi hiyo huwa ya njano kadiri inavyozeeka. Njano juu ya bluu inazaa nini, muulize mtoto wa chekechea. Chini ya bamba, ambako jua na moshi wa sigara havikufika, ndiko bluu halisi husalia.

Utetezi wake naujua. Mabamba ya wakati ule ni ya selulosi nitrati. Hunywea, hukaza kwenye skrubu, na ukiyafungua kwa pupa hupasuka. Ni kweli. Basi fungua taratibu, au sema hujui. "Sijui" nayo ni hukumu halali.

Ndiyo maana nawakumbuka wazee. George Gruhn, aliyefungua duka la magitaa Nashville mwaka 1970, na A. R. Duchossoir, aliyetuandikia kitabu kizima juu ya Stratocaster, walijenga elimu hii kwa kulinganisha chombo na chombo. Warithi wao wanamulika tochi ya urujuanimno kwa sekunde tano kama mganga anayepiga ramli, wanageukia kamera. Tochi inasaidia, sikatai, lakini haijawahi kufungua skrubu.

Nimelalamika mara nyingi kuhusu wale waliopiga msasa magitaa yao miaka ya 70 ili mbao ionekane, wakatumalizia rangi adimu. Sijawasamehe. Ila wao waliharibu mali yao wenyewe. Huyu, kwa neno moja, amemkatia mwenye gitaa karibu nusu ya thamani, maana hivyo ndivyo soko linavyoadhibu rangi isiyo ya kiwandani.

Wewe mwenye gitaa, ukiambiwa limepakwa upya, uliza jambo moja: matundu ya misumari umeyaona? Kama bamba halijafunguliwa, gitaa lako halijakaguliwa.